Simu Moja, Darasa Zima

Shule inapoahidiwa kompyuta au vishikwambi, mjadala wa kwanza ofisini huwa wa hesabu: vinakuja vingapi, vitafungiwa chumba gani, na je, kila mwanafunzi atapata chake au watagawana? Ni maswali ya lazima kwa mtunza stoo na kwa bodi ya shule. Mwalimu anayeingia darasani kesho asubuhi ana swali jingine la kutanguliza: chombo hiki kitawafanya wanafunzi wangu wahitajiane zaidi, au kitampa kila mmoja sababu ya kuinamia kioo chake peke yake? Hoja yangu ni moja. Teknolojia hujenga jumuiya ya kujifunza pale inapoyatoa mawazo ya mwanafunzi hadharani na kuwapa wenzake kazi ya kuyafanyia. Ukiikubali hoja hiyo, utakubali pia kwamba simu moja ya mwalimu, ikipangiwa kazi, inaweza kufanya makubwa kuliko vishikwambi arobaini vilivyogawiwa bila mpango. Wala ushauri huu si wa shule maskini pekee. Hata shule yenye fedha ingefaa ianzie hapo.

Tuanze na ushahidi, maana katika jambo hili ahadi zimekuwa nyingi kuliko vipimo. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizogawa kompyuta nyingi zaidi za mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta moja kwa kila mtoto. Watafiti walifuatilia shule za msingi 319 za vijijini, baadhi zikiwa zimepata kompyuta na nyingine bado. Baada ya miezi 15 hivi, shule zilizopata zilikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi, na watoto walizitumia kweli. Hata hivyo alama zao za hisabati na lugha hazikutofautiana na za wenzao wasiozipata, ingawa kulionekana nafuu ndogo katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Karibu na kwetu, utafiti uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma madarasa ya mwanzo: kumpa kishikwambi afisa anayewatembelea walimu, kumpa mwalimu, au kumpa kila mwanafunzi kifaa cha kusomea vitabu. Njia zote tatu ziliwainua watoto kuliko shule ambazo hazikupata msaada wowote. Lakini hakuna hata moja iliyoushinda kwa kiasi cha maana mpango wa msingi ambao haukuwa na vifaa hivyo, yaani vitabu vya kutosha, miongozo ya mwalimu, mafunzo na mtu wa kumtembelea mwalimu darasani. Na kwa thamani ya kila shilingi iliyotumika, mpango usio na vifaa ndio uliokuwa na faida zaidi. Kenya ilipoupeleka mpango huo nchi nzima kwa jina la Tusome, kishikwambi alipewa afisa wa mtaala ili kimsaidie kukaa na mwalimu na kuzungumza naye juu ya somo alilolishuhudia.

Ushahidi wa tatu unatoka Botswana, na ndio unaoeleza kwa nini matokeo hayo yako hivyo. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, watafiti walizihusisha familia zipatazo 4,500. Baadhi zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Nyingine zilitumiwa ujumbe huohuo, kisha zikapigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mtoto na mzazi wakalifanya swali pamoja na mwalimu aliyekuwa upande wa pili. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti iliyopimika. Ujumbe uliofuatwa na sauti ya mtu uliwasogeza watoto mbele. Simu za nyumbani zilikuwa zilezile na maswali yalikuwa yaleyale, kilichoongezeka ni mtu anayesikiliza jibu na kuuliza, “Umelipataje?” Huo ndio mzizi wa jambo lote. Chombo huongeza nguvu ya uhusiano uliopo. Pasipokuwa na uhusiano, hakina cha kuongeza.

Mtu anaweza kupinga kwamba tafiti hizi zinapima alama za mtihani wala hazisemi lolote kuhusu jumuiya. Pingamizi hilo lina haki kiasi, kwa hiyo ni vema tuseme jumuiya ya kujifunza ni kitu gani. Si darasa lenye amani, wala kundi la WhatsApp lenye salamu nyingi za asubuhi. Ni darasa ambamo mwanafunzi anajua mambo mawili: kwamba anachokijua kinahitajiwa na mwenzake, na kwamba asichokijua anaweza kukisema bila kuchekwa. Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, waliotengeneza nchini Kanada katika miaka ya 1980 programu ya kompyuta ambamo wanafunzi waliandika mawazo yao na kujengeana juu ya mawazo ya wenzao, waliweka sharti la kwanza la darasa kama hilo: wazo la mwanafunzi litoke kichwani liwe mali ya darasa, liweze kuongezwa na kurekebishwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliweka la pili. Mwaka 1971 mjini Austin, Texas, shule zilipochanganya watoto wa rangi mbalimbali na uhasama ukaingia madarasani, yeye na wenzake waligawa somo vipande vipande, kila mtoto akashika kipande ambacho wenzake hawana, ikawa hakuna anayeweza kumaliza kazi bila kumsikiliza mwingine. Aronson hakuwa na kompyuta. Mawazo yaonekane, na wanafunzi wategemeane: hayo mawili ndiyo masharti, na kila chombo unachofikiria kukiingiza darasani kipimwe kwa hayo kabla ya bei yake.

Sasa tuingie darasani. Zoezi la kwanza na rahisi kuliko yote ni la kupiga kura. Chukua kipindi cha Fizikia, mada ya mabadiliko ya hali za maada. Badala ya kueleza kwanza, andika ubaoni: maji yanachemka kwa nguvu kwenye sufuria, mapovu makubwa yanapanda, ndani ya mapovu hayo kuna nini? A, hewa. B, mvuke wa maji. C, oksijeni na haidrojeni. D, hakuna kitu. Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kila mmoja peke yake, kisha wanyanyue kadi za manila zenye herufi, wote kwa mpigo mmoja. Piga picha darasa zima kwa simu yako. Usiseme jibu. Kama karibu wote wamepata, endelea mbele. Kama karibu wote wamekosa, rudi ufundishe. Wakigawanyika, na kwa swali hili watagawanyika, waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tofauti na amshawishi kwa dakika tatu. Hapo utasikia mambo ambayo ukaguzi wa daftari haukuonyeshi kamwe. Aliyechagua A atasema ameona vipovu vidogo vikijishika pembeni mwa sufuria kabla maji hayajachemka, na hapo yuko sahihi, maana vile ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Mwenzake atamuuliza: maji yaliyochemka nusu saa nzima, hiyo hewa bado haijaisha tu? Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe. Piga kura ya pili, piga picha nyingine, ndipo waeleze jibu ni B na sababu yake. Maliza kwa swali pacha ambalo kila mmoja analijibu peke yake: maji yaliyochemshwa, yakapoa kidogo na kurudishwa jikoni papo hapo, yatatoa mapovu makubwa tena?

Njia hii ilienezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na imechunguzwa sana. Swali linaloulizwa na kila mwenye shaka ni kama wanafunzi wanaelewa kweli au wanamfuata tu yule anayejulikana kuwa na akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walilijibu mwaka 2009: baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali jingine la wazo lilelile, kila mmoja alijibu peke yake, na wakafanya vizuri zaidi hata katika makundi ambayo mwanzoni hapakuwa na aliyejua jibu. Kumbe uelewa unaweza kuzaliwa katika mazungumzo ya watu ambao wote walikuwa wamekosea. Utafiti mwingine, wa Nathaniel Lasry mwaka 2008 katika chuo kimoja cha Kanada, ulilinganisha darasa lililopiga kura kwa vibonyezo vya kielektroniki na lililotumia kadi za karatasi. Wanafunzi walijifunza sawasawa. Faida ya kifaa ilikuwa kwa mwalimu, aliyepata hesabu haraka na kuihifadhi. Leo faida hiyo inapatikana kwa simu moja: Plickers, kwa mfano, ni programu inayosoma kwa kamera ya mwalimu kadi za karatasi ambazo kila upande wake ni jibu, na herufi zake ni ndogo kiasi kwamba jirani haoni umejibu nini. Wanafunzi hawahitaji hata simu moja. Usiri huo una uzito wake katika madarasa yetu, kwa sababu mwanafunzi mwenye aibu hupiga kura yake bila kuchungulia kwanza ya kiranja.

Zoezi la pili linahusu makosa. Katika madarasa mengi kosa ni siri kati ya mwanafunzi na kalamu nyekundu. Jumuiya haiwezi kujengwa juu ya siri, kwa hiyo kosa litolewe hadharani bila kumtoa mwenyewe. Unapopita kati ya madawati wakati wa zoezi, piga picha za hatua tatu au nne za kufikia jibu, jina lisionekane, na ikiwezekana uzichague kutoka mkondo mwingine ili mwandiko usitambuliwe. Kipindi kinachofuata zionyeshe kwa projekta kama ipo. Kama haipo, nakili ubaoni. Tuseme umepata daftari ambalo (a + b)² imeandikwa kuwa a² + b². Ukisema tu “amekosea”, watano wanaojua watatikisa vichwa na hamsini waliofanya hivyohivyo watafuta kimyakimya. Waulize badala yake: aliyeandika hivi alikuwa anafikiri nini, na tutamwonyeshaje bila kumtajia kanuni? Kundi moja litaweka namba, 3 na 4, lione kwamba 49 si 25. Jingine litachora mraba, liugawe sehemu nne, ligundue mistatili miwili iliyosahaulika. Hifadhi picha ya mchoro huo pamoja na picha ya kosa. Baada ya muhula mmoja simu yako itakuwa na maktaba ya makosa ya darasa hilohilo na masahihisho yaliyotolewa na wanafunzi wenyewe, na hakuna kitabu cha marejeo kinachoweza kukupa hazina hiyo.

Zoezi la tatu ni la vipande, na hapa ndipo vifaa vichache vinapogeuka kuwa faida. Chukua mada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Gawa darasa makundi manne, kila kundi kifaa kimoja au karatasi moja yenye kitu ambacho wengine hawana: kilimo cha lazima cha pamba na kodi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na imani ya maji, ramani ya jinsi vita vilivyosambaa kutoka vilima vya Umatumbi, sera ya Wajerumani ya kuchoma mazao na njaa iliyofuata. Baada ya dakika kumi na tano vunja makundi, uunde mapya yenye mtu mmoja kutoka kila upande, kisha wape swali ambalo hakuna kipande kimoja kinachoweza kulijibu: kwa nini vita vilivyoanza na pamba huko Umatumbi viliwagusa hata Wangoni wa Songea? Aliyeshika ramani hana maana bila aliyesoma habari za Kinjikitile, na wote wanamsubiri aliyesoma habari za kodi. Kama kila mwanafunzi angekuwa na kishikwambi chenye mambo yote manne, utegemezi huo ungekufa. Ndiyo maana nasema uhaba, ukipangwa, ni nyenzo. Shule iliyo jirani na wazee wenye simulizi za eneo lake inaweza kwenda mbele zaidi: kundi likamrekodi mzee kwa ridhaa yake, likaleta sauti darasani, na darasa likapima simulizi hiyo dhidi ya kitabu.

Hapa lugha haikwepeki. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza, na darasa lililokuwa na kelele za maswali linakuwa kimya. Huwezi kujenga jumuiya ya watu wasioweza kusema. Kinasa sauti cha simu kinasaidia sana. Liache kundi lijadili kwa lugha linayofikiria, lirekodi maelezo ya dakika mbili, kisha lisikilize rekodi yake na kuiandika upya kwa lugha ya mtihani, likitafuta istilahi kwenye kamusi. Kuna watakaosema huko ni kupoteza Kiingereza. Ni kinyume chake: mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza jambo alilokwisha kulielewa anajifunza lugha, lakini anayenakili kutoka ubaoni asichokielewa hajifunzi lugha wala Biolojia.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba shule zetu nyingi, Tanzania na Kenya, zinawakataza wanafunzi kuwa na simu. Sitaki kulipinga katazo hilo. Simu mfukoni mwa kijana wa miaka kumi na sita wakati wa kipindi ni kishawishi ambacho watu wazima wenyewe hawakiwezi, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilikuwa na haki kuuliza vyombo hivi vinaingia shuleni kwa masharti ya nani. Ushauri wote uliotolewa hapa unaanzia kwenye kifaa cha mwalimu au cha shule, kinachotumika kwa dakika zinazohesabika na kurudishwa. Nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baadaye. Nchini Kenya zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2016. Vifaa si vya kutosha, lakini katika shule nyingi si sifuri tena. Ni afadhali kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya kifaa kimoja chenye mpango wa somo ulioandikwa kuliko kuomba katazo liondolewe.

Kuna pia tatizo la umeme na la bando. Mwalimu anayelipa intaneti kutoka mfukoni mwake hataendelea na zoezi lolote kwa zaidi ya wiki tatu, na hapaswi kulaumiwa. Kwa hiyo panga kila kitu kiweze kufanyika bila mtandao. Kupiga picha, kurekodi sauti na kuonyesha video iliyokwisha pakuliwa havihitaji bando. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilivyomo kwenye maktaba mtandao, vile vinavyoruhusu kupakuliwa, vipakue siku moja ukiwa mahali penye mtandao wa bure, uviweke kwenye kadi ya kumbukumbu. Shule yenye kompyuta hata moja inaweza kuweka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa mahususi kwa sehemu zisizo na intaneti, ikahudumia vifaa vingine vya shule vilivyo karibu. Na siku umeme ukikatika, kadi za manila bado zipo. Zoezi linalokufa umeme unapokatika halijakomaa.

Wengine watasema muhtasari ni mrefu na mtihani wa taifa hausubiri mijadala. Hilo ni kweli, na anayemshauri mwalimu afanye haya yote kila kipindi hajawahi kuona andalio la somo. Fanya kura moja kwa wiki katika kila somo, kosa moja kwa wiki, na zoezi la vipande mara moja kwa mwezi kwa mada ambayo wanafunzi hushindwa kila mwaka. Matokeo ya miaka iliyopita yanakuonyesha mada hizo. Dakika kumi na tano unazotumia kugundua kwamba nusu ya darasa wanaamini mapovu ni hewa zinakuokolea vipindi vya marudio mwezi wa tisa. Kumaliza muhtasari na darasa kuuelewa ni mambo mawili, na mtihani unapima la pili.

Upo pia wasiwasi wa haki: wenye uwezo watafanya kazi, wengine watapanda mgongo, wavulana watashika kifaa, wasichana wataandika. Wasiwasi huu si wa kupuuza, na dawa yake haimo ndani ya programu yoyote. Imo katika zamu. Kila kundi liwe na mshika kifaa, mwandishi, muulizaji na msemaji, na nafasi hizo zibadilike kila wiki kwa orodha iliyobandikwa ukutani, isiyotegemea nani kajitokeza kwanza. Msemaji asichaguliwe na kundi; mchague wewe dakika ya mwisho, ili kila kundi lihakikishe hata aliye nyuma anaweza kueleza. Alama, kama zipo, zitoke kwenye swali pacha ambalo kila mmoja hulijibu peke yake. Kwa namna hiyo mwenye uwezo ana sababu ya kufundisha, naye aliye nyuma hana pa kujificha.

Zamu hizo, hasa ya muulizaji, zitasaidia hata pale ambapo akili mnemba imeingia. Mwanafunzi atakayerudi Jumatatu na insha nzuri aliyoandikiwa na mashine hafukuzwi na jumuiya. Jumuiya humuuliza maswali. Lete jibu la mashine darasani kama ulivyoleta kosa la aljebra, uliweke mbele ya makundi, uwatake waonyeshe sentensi moja isiyo na ushahidi na nyingine isiyolingana na kitabu. Mashine inaweza kumwandikia mtu jibu, lakini haiwezi kumjibia anapoulizwa na mwenzake ana kwa ana.

Jumuiya haiishii mlangoni, kwa hiyo wazazi waingizwe kwa uangalifu. Makundi ya WhatsApp ya wazazi mengi yamekuwa ya michango na matangazo. Ongeza jambo moja: kila Ijumaa andika sentensi mbili za swali ambalo mtoto anatakiwa kumweleza mzazi nyumbani. Mzazi mwenye kitochi atumiwe ujumbe mfupi wa kawaida, na wale wachache ambao watoto wao wanapotea wapigiwe simu. Funzo la Botswana ni kwamba sauti inafika mahali ambapo ujumbe haufiki. Lakini picha za watoto zisiwekwe hovyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 mamlaka ya Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Piga picha ya daftari na ya kadi zilizonyanyuliwa, uzifute zikishamaliza kazi, na uso wa mtoto usitoke nje ya shule bila ridhaa iliyoandikwa.

Mwisho, mwalimu anayefanya haya peke yake atachoka. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini nchini Tanzania, MEWAKA, tayari unawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza shuleni mwao, na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, walimu ambao wengi hawakuwa na mafunzo rasmi waliunganishwa na walimu wenzao wa nchi za mbali kupitia WhatsApp ili waulizane yaliyowatatiza darasani. Mkutano wenu ujao wa idara usianze na taarifa. Uanze na picha mbili za makosa ya wanafunzi kutoka simu ya kila mwalimu, na swali moja la kura ambalo mtalitumia wote wiki hiyo. Baada ya muhula, tathmini kwa kipimo ambacho hakihitaji programu: mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja, ahesabu ni mara ngapi mwanafunzi amemjibu au kumuuliza mwanafunzi mwenzake kuhusu somo, bila kupitia kwako. Namba hiyo ikipanda, una sababu ya kuandika barua ya kuomba vifaa zaidi, na una ushahidi wa kuiambatanisha. Isipopanda, ahirisha barua, mrudi mezani na mwenzako, mbadilishe maswali.